Kabla ya kufufua ndege ndogo ya zamani, tufungue daftari

Siku hizi wasikilizaji wengi wananiuliza swali lilelile: kwa nini jimbo letu la Tshopo, lenye mito mingi na barabara mbovu, lisitafute ndege ndogo za bei nafuu? Vijana wa Mangobo na Kabondo wameona picha kwenye simu zao. Wameona kwamba huko Ulaya mtu anaweza kuuza ULM, yaani ndege nyepesi sana ya kiti kimoja au viwili, iliyotumika miaka ishirini au thelathini, kwa bei ya gari lililotumika. Wanasema: ipakiwe kwenye baleinière kutoka Kinshasa, tuitengeneze hapa, iruke. Mafundi tunao. Fundi anayefufua pikipiki iliyozama mtoni atashindwaje na ndege isiyofika kilo mia tatu?

Swali ni zuri na sitaki kulicheka. Ninaamini kabisa kwamba kufufua ndege ya namna hiyo kunawezekana hapa Kisangani. Ila kuna kazi ya pili, ambayo mji wetu bado haujajiandaa nayo: kuitunza baada ya kufufuka, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, na kuandika kila kitu kilichofanywa. Ndiyo maana maoni yangu yatawashangaza wengine. ULM ya kwanza itakayofika hapa isiruke. Ikae chini mwaka mzima, mafundi wetu wajifunze juu yake.

Nieleze kwa nini.

Ndoto ina msingi

Tshopo ina karibu kilomita za mraba 200,000. Ukiweka Rwanda na Burundi pamoja ndani ya jimbo letu, zitajaza kama robo yake tu. Tuna teritware saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Mwenye pikipiki anayetoka mjini kwenda Opala au Bafwasende wakati wa mvua anajua saa ya kuondoka, hajui atalala wapi. Reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuzunguka maporomoko ya Boyoma, na kila mtu hapa anajua hali yake.

Historia pia iko upande wa wanaoota. Mwaka 1920 wakoloni Wabelgiji walifungua laini ya ndege iliyopewa jina la Mfalme Albert, kwa kifupi LARA. Walitumia ndege ndogo za Lévy-Lepen, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, zinazotua juu ya maji. Zilifuata mto kutoka Kinshasa, kituo kwa kituo, na mwaka 1921 zilifika hapa, wakati huo mji ukiitwa Stanleyville. Ni njia ya kilomita zaidi ya 1,700. Sabena yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa, ilianzishwa 1923. Kwa hiyo mji wetu uliona ndege mapema kuliko miji mingi ya Afrika.

Lakini tumalize hadithi. Mwaka 1922 laini ile ilifungwa. Ndege zilifika Kisangani, huduma haikudumu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado tunapozungumza juu ya ndege tunauliza itafika lini. Ni wachache wanaouliza itadumu vipi.

Tufanye hesabu kwanza

Kabla ya kuzungumza juu ya mafundi, tuelewe ULM ni kitu gani. Kwa muda mrefu nchi nyingi za Ulaya ziliweka kikomo cha kilo 450 kwa ULM ya viti viwili, ikiwa imejaa kila kitu. Tuchukue ndege ya zamani yenye uzito wa kilo 280 ikiwa tupu. Inabaki nafasi ya kilo 170. Weka rubani wa kilo 75 na mwenzake wa kilo 75: tayari 150. Zimebaki kilo 20 za mafuta, ambazo ni karibu lita 28 za esansi. Injini ya Rotax 912, ambayo ni ya kawaida sana kwenye ndege hizi, inakunywa kama lita 15 kwa saa. Kwa hiyo mna safari isiyofika saa mbili, na rubani mwenye akili anaacha akiba ya nusu saa ambayo haigusi.

Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba mtu anayeahidi kubeba magunia ya mchele kutoka Isangi kwa ULM anatudanganya. Anayeahidi kubeba mgonjwa aliyelala kwenye machela kutoka Yahuma anatudanganya zaidi. Na katika nchi nyingi ndege hizi haziruhusiwi kubeba abiria wanaolipa nauli.

Je, zina faida gani basi? Zinaona. Ndege inayokwenda polepole na chini inaweza kuangalia daraja lililovunjika, mto uliofurika, msitu unaokatwa kwa siri, moto ulioanza. Rubani akiwa peke yake, anaweza kubeba sanduku dogo la dawa au chanjo. Kule Garamba, ndugu zetu wa Haut-Uele wameona tangu miaka ya 1980 jinsi ndege ndogo inavyosaidia walinzi kuhesabu wanyama na kutafuta majangili. Zile ni Cessna, kubwa kuliko ULM, lakini kazi ya kuangalia ni ileile.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Ndege ndogo za zamani kama Cessna 206 zinahitaji esansi maalumu ya ndege, ambayo katika nchi yetu ni ngumu kupata na ni ghali. Rotax 912 inakubali esansi nzuri ya gari. Katika mji kama wetu hilo si jambo dogo. Tutaona hapa chini kwamba lina hatari yake pia.

Toleka na ndege

Kila mkaaji wa Kisangani amewahi kupanda toleka. Baiskeli hizo zimelisha familia nyingi, na mafundi wake ni hodari. Fremu ikivunjika asubuhi, fundi wa kando ya barabara anaichomelea, na mchana toleka iko tena kazini. Bolti ikipotea, inatafutwa nyingine sokoni inayoingia kwenye tundu. Mpira ukipasuka, unakatwa wa zamani na kufungwa juu. Hiyo ndiyo Artikle 15 yetu, jitafutie njia, na imetuokoa wakati serikali ilipotusahau.

Ndege inakataa karibu kila moja ya mbinu hizo, na kila kukataa kuna sababu.

Tuanze na fremu. ULM nyingi zimejengwa kwa bomba za alumini iliyotiwa ugumu kwa moto kiwandani. Fundi akiichomelea, joto lile linaondoa ugumu huo, na karibu na kovu bomba linapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa macho linaonekana zuri kuliko mwanzo. Siku ndege inapopigwa na upepo wa kwanza mkali, linajipinda palepale pa kovu. Bomba la namna hiyo likiwa na ufa linabadilishwa zima.

Bolti nazo ni za daraja linalojulikana, zenye alama kichwani. Bolti ya sokoni inaweza kufanana nazo kama pacha, lakini hakuna anayejua imetengenezwa kwa chuma gani. Nati zenye plastiki ndani hazifungwi na kufunguliwa milele. Zikilegea mkononi zinatupwa. Na kukaza hakufanywi kwa nguvu ya bega. Kuna spana inayopima, na kuna namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege.

Halafu kuna kitambaa cha bawa. Ndege nyingi za zamani zimevikwa kitambaa cha poliesta, na adui yake mkubwa ni jua. Miale ya jua inakula nyuzi taratibu huku rangi ikibaki. Ndiyo maana macho hayatoshi. Wenye kazi hiyo wana kifaa kidogo chenye sindano: wanachoma kitambaa na kuvuta mpaka nguvu fulani. Kikishikilia, kinaendelea kuruka. Kikichanika, bawa zima linavuliwa nguo. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na ndege itakayoegeshwa nje Bangboka itazeeka haraka kuliko ile iliyokaa bandani Ubelgiji. Banda lijengwe kabla ya ndege kununuliwa.

Mpira pia unazeeka hata ndege ikiwa imelala. Kwa injini za Rotax 912, mtengenezaji anataka mipira yote inayopitisha esansi, oili na maji ibadilishwe kila miaka 5, iwe ndege imeruka saa elfu moja au haikuruka hata saa moja. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Muuzaji anasema, "Imeruka kidogo tu, ilikuwa imepumzika." Kwa ndege ya zamani, kupumzika muda mrefu si sifa. Ndani ya kabureta esansi imekauka na kuwa gundi, mipira imekuwa migumu, kutu imeingia kwenye silinda.

Na kwetu kuna wakaaji wengine wanaopenda ndege iliyopumzika: nyigu. Nyigu anayejenga kwa udongo anatafuta tundu dogo, na ndege ina tundu dogo linalopima mwendo wa hewa. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ilianguka baharini baada ya kuondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Mwendo uliosomwa na rubani haukuwa wa kweli, na wachunguzi waliona kwamba kuna uwezekano mkubwa kiota cha nyigu kilikuwa kimeziba mrija huo. Ndege ile ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila kifuniko. Ikiwa mdudu anaweza kuangusha ndege ya watu 189, basi kifuniko cha kitambaa chenye utepe mwekundu kina thamani kuliko rangi mpya kwenye mkia.

Injini na kadhafi

Watu wengi wanaotafuta ULM ya bei ya chini wanakutana na injini za viharusi viwili, kama Rotax 503 au 582. Zinafanana na injini za mashua na pikipiki tunazozijua, zinachanganyiwa oili kwenye esansi, lita 1 ya oili kwa lita 50. Ni nyepesi na fundi wetu atazielewa haraka. Lakini zinatakiwa kufunguliwa na kukarabatiwa kila baada ya saa 300. Na mtengenezaji mwenyewe anamwonya mnunuzi katika kitabu chake kwamba injini hiyo, kwa jinsi ilivyoundwa, inaweza kuzimika ghafla. Maana yake rubani asiruke mahali asipoweza kutua bila injini.

Tazameni ramani ya Tshopo kwa jicho hilo. Toka nje ya mji kilomita chache, chini ni msitu. Msitu hauna uwanja wa kutua. Mto upo, lakini ndege yenye magurudumu haitui juu ya maji bila kupinduka. Kwa hiyo injini ya viharusi viwili, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ndiyo isiyofaa kwa jimbo letu. Hili peke yake linapaswa kufuta nusu ya matangazo wanayoyatazama vijana wetu.

Rotax 912 ya viharusi vinne inadumu zaidi. Za toleo jipya zinaruhusiwa mpaka saa 2,000 kabla ya ukarabati mkubwa, za zamani chini ya hapo. Tatizo lake hapa litakuwa esansi. Tunajua esansi yetu inavyosafiri: pipa, jerikani, chupa ya kadhafi kando ya barabara. Kila ikihamishwa inapata maji na mchanga. Pikipiki ikipata maji kwenye esansi, inakohoa, unashuka, unasafisha kabureta, watu wanakucheka, unaendelea. Ndege haina pa kushukia. Kwa hiyo esansi inachujwa wakati wa kumimina, na kila asubuhi kabla ya kuruka rubani anatoa kidogo chini ya tangi na kuitazama kwenye chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini, yanaonekana. Kazi hiyo inachukua dakika mbili. Lakini inafanywa kila siku, hata siku ambayo mkuu fulani anasubiri na ana haraka.

Ndege za zamani zinazodumu

Wengine watasema: basi shida ni uzee, tununue mpya au tuache. Hapana. Kampuni ya Cessna iliacha kutengeneza ndege zake ndogo za injini za pistoni mwaka 1986 na kuanza tena miaka ya 1990. Hata hivyo Cessna 206 nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1986 bado zinafanya kazi Afrika. Shirika la MAF linahudumia nchi yetu kwa ndege ndogo tangu miaka ya 1960, na watu wa Nyankunde na Bunia wanazijua. Siri ya ndege za namna hiyo kudumu ni fundi mwenye ratiba: kila saa kadhaa za kuruka ndege inafunguliwa, inatazamwa, inaandikwa, inatiwa saini. Zipo hata DC-3, ambazo hazitengenezwi tena tangu miaka ya 1940, zilizoendelea kubeba mizigo Colombia katika karne hii.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jeraha letu. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora kutoka Kinshasa ilianguka ikijaribu kutua Bangboka. Watu zaidi ya 70 walikufa. Hata leo ukiuliza mjini, wengi watajibu kwamba ndege ilikuwa mzee. Ni kweli kwamba aina ile ilianza kazi miaka ya 1960. Lakini siku ile ilikuwa inatua katikati ya dhoruba na mvua kubwa. Ndege mpya pia inaanguka ikilazimishwa kutua ndani ya dhoruba. Tukisema tu "uzee", tunajizuia kuuliza maswali mengine: nani aliamua kutua, alipewa habari gani za hali ya hewa, ni nani anayewasimamia wanaoamua.

Umoja wa Ulaya nao hauangalii uzee peke yake. Tangu 2006 una orodha ya kampuni za ndege zisizoruhusiwa kuingia katika anga yake, na kampuni zinazosimamiwa na mamlaka ya Kongo zimekuwa humo miaka mingi. Sababu inayorudi ni usimamizi: hawaamini kwamba hapa kuna mtu anayekagua, anayeandika na anayeweza kusema "ndege hii isiruke" na akasikilizwa. Unaweza kukasirika ukisoma hivyo. Mimi pia nakasirika. Lakini hasira haijazi daftari.

Daftari lenyewe

Ninaposema daftari, simaanishi kitu cha ajabu. Ndege, injini na propela kila kimoja kina kitabu chake. Kila safari inaandikwa saa ngapi. Kila kazi inaandikwa: tarehe, saa za injini, kilichoonekana, kilichobadilishwa, kipuri kimetoka wapi, jina la fundi na saini yake. Kitu kilichoahirishwa nacho kinaandikwa. Fundi akihama kwenda Kinshasa au akifa, anayemfuata anafungua kitabu na kuendelea.

Hapa ndipo utamaduni wetu wa kazi unapogongana na ndege. Sisi tunamwamini mtu. "Papa fulani ameiangalia, amesema iko sawa." Papa huyo anaweza kuwa fundi bora kuliko wote jimboni. Lakini kichwa chake hakina kurasa. Hakumbuki kama mpira wa oili aliubadilisha mwaka juzi au mwaka ule mwingine. Na bosi akimlazimisha kuruhusu ndege iruke, hana karatasi ya kumkinga. Daftari linamlinda abiria, na linamlinda fundi vilevile dhidi ya mwenye pesa.

Kuna daftari la pili, la fedha. Kununua ndege ni tumbo la kwanza tu la kulisha. Tuchukue mfano wa kuhesabia: ikiwa ukarabati wa injini utagharimu dola 3,000 na unafanywa kila saa 300, basi kila saa ya kuruka inakula dola 10 za injini, kabla ya esansi, mipira, kitambaa, banda na mshahara wa fundi. Dola hizo 10 ziwekwe kando siku ileile ndege inapotua. Mradi usiofanya hivyo utafika saa ya 300 bila pesa, na hapo ndipo mtu atasema, "Turuke kidogo tu, mpaka tupate." Maneno hayo tumeyasikia kwenye mashua za mto huu, na tunajua mangapi yaliyofuata.

Ninachopendekeza

Kwanza, ULM ya kwanza iwe darasa. INPP iko hapa mjini na inafundisha ufundi. Chuo Kikuu cha Kisangani kipo. Shule za ufundi zipo. Mashine ya zamani, hata isiyoweza kuruka tena, inatosha kufundisha vijana kusoma kitabu cha mtengenezaji, kutumia spana inayopima, kupima kitambaa, kuandika na kutia saini. Waifungue yote na kuifunga yote mara mbili. Mkufunzi mmoja mwenye cheti aletwe kutoka mahali ambapo kazi hii inafanywa, hata kama ni miezi michache. Pesa zake zitakuwa kidogo kuliko bei ya ajali moja.

Pili, mwenye mradi aende Mamlaka ya Anga, AAC, kabla ya kutuma pesa Ulaya. Sheria ya usafiri wa anga ya 31 Desemba 2010 ipo. Mtu akinunua kwanza na kuomba kibali baadaye, atajikuta na ndege iliyokwama forodhani au, vibaya zaidi, na rafiki mkubwa anayempa ruhusa kwa simu. Na AAC nayo itoe jibu la maandishi, kwa muda unaojulikana. Ofisi ikikaa kimya, vijana wenye ari watajaribu kichakani, na hapo sote tutakuwa tumeshindwa.

Tatu, tuheshimu mvua yetu. Dhoruba za hapa hazibishi hodi, na ndege ya kilo 450 haina nguvu ya kubishana nazo. Kila mradi uwe na saa ya mwisho ya kuruka na mtu wa hali ya hewa wa kumpigia simu.

Nne, sisi waandishi wa habari tubadilike. Siku ya uzinduzi tunapiga picha utepe unakatwa, tunarekodi hotuba ya mheshimiwa, tunaondoka. Turudi baada ya miezi sita na maikrofoni ileile, tuombe kuona kurasa.

Najua kuna mama au baba anayesoma haya na kusema: huyu anazungumza ndege wakati zahanati yetu haina hata friji. Ana haki. Lakini aitazame friji hiyo. Mara nyingi ililetwa, ikazinduliwa, ikafanya kazi miaka miwili, ikafa kwa kukosa kipuri kidogo na mtu wa kukitafuta. Jenereta ya mtaa vilevile. Pampu ya maji vilevile. Tofauti ni kwamba friji ikifa inakaa kimya pembeni, ndege inaanguka na watu. Mji utakaojifunza kutunza ndege kwa maandishi utajua pia kutunza pampu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Boyoma, siku mtakaposikia kwamba kuna ndege ndogo ya zamani imefufuliwa na inatafuta wafadhili au abiria wa kwanza, msianze kwa kupiga makofi. Muulize mwenye nayo mambo matatu. Nani alitia saini mara ya mwisho, na tarehe gani? Mipira ina umri gani? Pesa za ukarabati ujao ziko wapi leo? Akifungua kitabu na kukuonyesha kwa kidole, mpe mkono, ni mtu wa kazi. Akianza hotuba, rudi nyumbani kwa toleka.